Kabla Mvua Haijashuka Ihumwa

Novemba ya Ugogo huingia upepo ukiwa umechoka. Upepo wa kusini mashariki uliovuma tangu Julai, uliokausha nguo kabla mtu hajamaliza kuzianika, hulegea, na joto likapata nafasi ya kukaa. Mchana hakuna kinachotembea ila kisulisuli. Kinainuka ghafla katikati ya mashamba matupu, kinazoa vumbi jekundu, makapi ya uwele na majani makavu ya mtama, kinazunguka mpaka uani kwa mtu, kinabeba nguo iliyoanikwa bila kufungwa, kisha kinapotea. Watoto tulikikimbilia. Wazee walitukemea, kwa kuwa ndani ya kisulisuli, walisema, kuna wenyewe.

Twende Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, kituo kidogo cha Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910. Mwaka wetu ni 1978. Ukishuka hapo unapokewa kwanza na harufu: samadi kavu, moshi wa kuni za mgunga, na maua ya mbuyu. Mibuyu huchanua katika miezi hii ya joto, kabla ya mvua. Maua yake makubwa meupe hufunguka jioni, popo wakayatembelea usiku kucha, na asubuhi unayakuta chini yameshabadilika rangi, harufu yake nzito imekaa chini ya mti na haitaki kuondoka. Vuka reli. Fuata njia ya ng'ombe kati ya nyua za minyaa, wala usivunje kijiti chake ovyo, maana utomvu ule ukiingia jichoni utalia mpaka usiku. Tembe ya mwisho, upande wa vilima vya mawe, ndiyo ya bibi. Simama nje ya ua, sema "Mbukwenyi!" Ataitika kutoka gizani kabla hujamwona.

Bibi mzaa mama alikuwa mrefu na mkavu, mwenye ndewe za masikio zilizotobolewa na kuvutwa tangu usichana, na kaniki iliyofifia mabegani. Aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kiume. Alizaliwa karibu na njaa ya Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920, majeshi ya vita yalipochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo, na mvua nayo ikakataa. Hakuisimulia mara kwa mara. Lakini ukimtazama alivyoishika mbegu, ulijua kuna mtu aliyemfundisha akiwa na sababu nzito.

Kazi ya shamba ilianzia ndani ya nyumba. Ndani ya tembe kuna giza zuri na ubaridi hata saa nane ya mchana, kwa sababu paa ni udongo uliotandazwa juu ya magogo na fito. Macho yakishazoea, unaona masuke ya uwele yakining'inia juu ya meko kwa kamba za gome la mbuyu, meusi kwa masizi. Hiyo ndiyo mbegu. Haikulala ghalani pamoja na nafaka ya kula. Ilichaguliwa ikiwa bado shambani, bibi akipita bua kwa bua na kufunga ukambaa kwenye suke lililompendeza: lililowahi, lililobana punje zake, ambalo ndege walilijaribu wakaliacha. Tangu siku ile moshi uliwafukuza fukusi, na panya nao hawakupenda kupita juu ya moto.

Mtama wa lugugu ulikaa kwenye kilindo cha gome, umechanganywa na majivu. Mbegu za maboga na mamumunya zilikuwa ukutani. Bibi alizibandika huko kwa mavi mabichi ya ng'ombe, bonge dogo kwa bonge, na kila bonge aliliwekea alama ya kidole likiwa bado bichi. Alama moja, boga la kula. Alama mbili, mumunya la kutengenezea kibuyu cha kusukia maziwa. Ukuta ule ulikuwa daftari lake, na alilisoma kwa kupapasa. Mwezi huu wa Novemba alikuwa akibandua bonge moja moja kwa ncha ya kisu, akilivunja kiganjani, akipuliza vumbi, akihesabu. Mbegu iliyokuwa nyepesi aliitia kinywani, akaitafuna polepole, akaitema. Nzuri alizirudisha kwenye kitambaa.

Karanga zilibaki na maganda yake mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa iliyomenywa mapema hupoteza nguvu ya kuota. Tulizimenya uani kwa mbalamwezi, mafuta ya taa yakiwa adimu. Sauti yake unaijua: ta, ta, ta, ganda likipasuka kati ya gumba na kidole, na mara kwa mara mbuzi akipiga chafya ndani ya zizi. Bibi aligawa mafungu matatu. Punje nene, zenye ngozi isiyochubuka, za kupanda. Za wastani, za kuunga mboga. Zilizosinyaa, zetu watoto. Za kupanda alizisugua majivu hapohapo, mikono yetu isije ikazikumbuka.

Jirani alikuwa na redio ya mbao, na usiku ule sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilivuka ua wa minyaa na kutufikia. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza, tarehe 2 Novemba, kwamba tutampiga Idi Amin aliyeivamia Kagera. Mjomba, kitinda mimba wa bibi, aliondoka na vijana wenzake kwa treni. Bibi hakuuliza maswali mengi kuhusu Uganda iko wapi. Alichukua kibuyu kidogo chenye kifuniko cha gunzi, akatia uwele, mtama kidogo na karanga za fungu la kwanza, akakitundika peke yake upande wa mlango. "Cha mjomba wako," alisema. "Mtu akirudi lazima akute cha kupanda."

Asubuhi, kabla jua halijashika nguvu, tulikwenda kuberega. Mgeni angedhani watu wanakwangua tu ardhi, na kweli ndivyo: unasafisha shamba juujuu, bila kupindua udongo. Mabua ya mwaka uliopita ng'ombe walishayala yakabaki visiki. Bibi aliinama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, jembe la mpini mfupi mkononi, akikata kisiki usawa wa ardhi, akivuta takataka kwa ubapa wa jembe, akisogea hatua, akikata tena. Khwa, khwa, khwa. Udongo wetu kiangazi ni mgumu kiasi kwamba jembe likigonga kwa hasira linarudi. Na hata ukifaulu kuupindua, upepo wa mwisho wa msimu unauondoa ule mlaini wa juu, wenye chakula, ukakuachia mgumba. Kwa hiyo tuliukwangua tu na kuuacha umelala.

Takataka tulizirundika kwa mafungu na kuzichoma jioni isiyo na upepo. Moshi wa mabua ya uwele una utamu fulani, ule wa miiba ya mgunga unawasha macho, na vyote viwili vilikaa kwenye nywele na mashuka mpaka Desemba. Rundo lililolala siku kadhaa hatukuliinua kwa mkono. Chini yake alikuwapo nge, au tandu, na siku moja kifutu, mnene, amejikunja, hana haraka. Jirani alikuwa ameshachukua jiwe. Bibi akamwambia amwache ateremke kwenye korongo, kwa kuwa mwaka huo panya walikuwa wengi na nyumbani hatukuwa na paka. Tulisimama wote tukimtazama akienda, akiacha mstari mmoja ulionyooka vumbini.

Bwana shamba alipita wakati huo, na baiskeli yake na kofia ya kaki. Alikuwa mtu mpole, mwenye bidii, na alitaka mistari: mtama kwa mstari, karanga kwa mstari, matuta yakikinga mteremko ili maji yasikimbie. La matuta bibi alilikubali mara moja, na tuliyapiga upande wa chini, kwenye udongo mweusi unaonata. La mistari alilikubali kwa upande wa barabarani. Nyuma ya nyumba, karibu na mawe, alipanda karanga kwa kupindapinda, hapa moja, pale moja, hatua fupi, hatua ndefu. Sababu yake ilikuwa kindi. Kindi akishafukua karanga ya kwanza na ya pili kwenye mstari, ya tatu anaifuata bila kunusa, na akifika mwisho wa mstari anageuka kuanza mwingine. Nimekuwa nikisoma vitabu vya kilimo kwa miaka mingi sasa, na bado naona hoja ya bibi inasimama.

Mashimo ya maboga ndiyo kazi niliyoipenda. Yalikuwa kando ya zizi, ambako ardhi ilikuwa laini kidogo kwa mkojo wa ng'ombe. Kila shimo lilikuwa na kina cha mkono wangu hadi kwenye kiwiko, na upana wa ungo mdogo. Chini kabisa tulitia majani makavu na makapi, tukamwagia maji machafu ya kuoshea vibuyu. Juu yake samadi ya zamani, ile nyeusi isiyonuka tena, tukaisaga kwa mikono mpaka ikawa unga. Kisha udongo wa juu uliochimbwa mwanzo, uliotengwa upande wake. Bibi hakulijaza shimo. Aliliacha limebonyea, lenye ukingo mkubwa upande wa bondeni, ili tone lolote litakaloteremka mteremkoni likutane na mlango uliofunguliwa. Mwisho tulifunika kila shimo kwa matawi ya mgunga, miiba ikiwa juu, kwa ajili ya kuku. Kuku wa nyumbani ni mharibifu kuliko mnyama wa porini, kwa sababu yeye hana saa ya kuogopa.

Wa porini walikuwa na zamu zao. Alfajiri walikuja kanga, kundi zima, wakitembea shambani kwa heshima na kulia kwa sauti ya bawaba isiyo na mafuta, wakichakura kila mahali udongo ulipoguswa. Kware walikuja wawiliwawili. Jua likipanda, pimbi walitoka kwenye nyufa za mawe kuota joto na kupeleleza kunde zitapandwa wapi. Mchana ilikuwa tumbili. Usiku nguruwe pori, na kwao minyaa si kitu: hupita chini, wakasukuma kwa pua, ukakuta asubuhi shamba limelimwa vizuri kuliko ulivyolilima mwenyewe, ila mbegu hazimo. Kwa hiyo kati ya kuberega na mvua, nyua zilikarabatiwa. Tulikata miiba, tukaivuta kwa kamba tukiimba, tukaibana chini ya minyaa kwa mawe makubwa. Mikono ilichanika. Bibi aliipaka mafuta ya ng'ombe, bila maneno.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mzee aliyewahi kufanya kazi Kongwa. Kwenye mti wa ua wake lilining'inia bamba zito la chuma, duara, lililolika ukingoni, na alfajiri alilipiga kwa nati kubwa kuwatimua kanga. Sauti yake ilivuka kijiji kizima hadi kwenye mawe ikarudi. Lilikuwa sahani ya plau, kutoka kwenye mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha Kongwa mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, wakiwa wameteketeza pauni milioni 36. Mzee alisimulia jinsi mashine zilivyokuja, matrekta mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, jinsi visu vyake vilivyokatika kwenye mizizi, na jinsi udongo ulivyokaa kimya wakati wa mvua kisha ukagandamana kiangazi, karanga zikiwa ndani, zisitoke. Wagogo waliokuwa wakipanda karanga hapohapo tangu zamani, alisema, walipewa kazi ya kukata visiki. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akilipangusa lile bamba kwa kiganja, akihakikisha kamba yake haijalika.

Baada ya hapo, kungoja. Mti uliotoa habari kwanza ni mgunga: ukiwa haujanywa tone tangu Aprili, ulianza kuchipua majani mabichi, madogo, laini. Kisha angani walitokea korongo, makundi makubwa, wakizunguka juu sana bila kupiga mbawa. Chungu walihamisha mayai yao kwenda kwenye kichuguu cha juu. Jioni Kilimia kilichomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, na wazee waliokaa nje wakakionyesha kwa kidevu. Joto la usiku lilitutoa ndani tukalala uani juu ya ngozi, na kule mbali, upande wa Mpwapwa, radi ikaanza kumulika bila sauti. Ungeweza kulala ukiitazama. Treni ya usiku ilipita, ikapiga honi kituoni, mbwa wakaijibu, kukawa kimya tena, na radi bado inamulika.

Ndipo bibi alipoamua kupanda uwele kwenye ardhi kavu. Si wote. Aliyachukua masuke yaliyokuwa juu ya meko, akayapiga taratibu juu ya ngozi, akapepeta, akaugawa uwele kwa mikono miwili katikati. Nusu ilirudi ndani. Nusu tuliipeleka shambani alfajiri. Yeye alitangulia akipiga jembe mara moja tu kila hatua, ncha yake ikiinua udongo kidogo bila kuutoa. Mimi nikifuata na kibuyu, nikidondosha punje chache chini ya ulimi wa udongo ule, kisha nikafukia kwa kisigino na kukanyaga. Kukanyaga kulikuwa na maana. Udongo uliogandamizwa juu ya mbegu humchosha kware, na mvua ikija haiuchukui. Punje ya uwele haina haraka. Inaweza kulala vumbini kwa wiki kadhaa ikingoja, mradi isiguswe na ndege wala mchwa, na ikipata maji ya kutosha inaamka siku chache tu baadaye, ikiwa imemtangulia jirani anayengoja mvua ndipo aanze kulima.

Hiyo nusu iliyobaki ndani ndiyo ilikuwa na hadithi. Mama yake bibi, mwaka wa pili wa Mtunya, alikuwa na kibuyu cha mbegu nyumbani, na watoto walikuwa wakilala na njaa. Hakikufunguliwa. Watu walikwenda mbali kuchimba mizizi na kuokota ubuyu, wengine hawakurudi, na kibuyu kilibaki pale pale kilipotundikwa, mpaka mvua iliponyesha. Bibi aliniambia hayo siku moja tu, akiwa amenipa mgongo, akifunga tena masuke juu ya meko. Kisha akanituma maji.

Maji yalikuwa kwenye mto mkavu. Unachimba mchanga kwa kata ya kibuyu, unakaa kando ya shimo, unangoja maji yachuje, unateka polepole usiyatibue. Mwishoni mwa Novemba shimo lilikuwa limenimeza hadi kifuani. Alama za miguu pembeni zilisimulia nani alikuja usiku kunywa: digidigi, fisi, nungunungu, na vidole vidogo vya tumbili, ambavyo nilikuwa nikivigusa kwa kidole changu.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, ghafla, kwa matone makubwa yaliyotoboa vumbi moja moja. Harufu iliyopanda pale, ya udongo uliokauka miezi saba ukipokea maji, hakuna aliyezaliwa Ugogo asiyeijua, na hakuna aliyeondoka asiyeitafuta. Watoto tulivua mashati. Wanawake walitoa sufuria, ndoo na vibuyu, wakavipanga chini ya mifereji ya tembe. Nusu saa, ikakatika. Jua likarudi. Nyumba ya tatu walikimbilia shambani na kila walichokuwa nacho, wakapanda mpaka giza. Bibi alitia kidole ardhini, akakitoa: unyevu uliishia kwenye kiungo cha kwanza. Akaenda kusonga ugali.

Alikuwa sahihi. Siku kumi za jua kali zilifuata, na miche ya nyumba ya tatu ilichomoza, ikakauka. Jioni moja yule mama alikuja, akakaa chini, akaongea habari za kuku na za mjomba aliye vitani, na alipoinuka kwenda zake bibi alimtilia uwele kwenye pindo la kanga, kutoka ile nusu ya ndani. Hakuna aliyetaja mbegu. Waliagana kwa salamu za kawaida.

Mvua yenyewe ilishuka usiku, Desemba ikiwa imeshaingia. Ilikuja na upepo wa kwanza wa baridi, mlango ukagonga, mbuzi wakalia, kisha paa lote la udongo likanguruma. Tembe huvuja, tulihamisha ngozi za kulalia kutoka kona hii hadi ile, bibi akicheka gizani. Ilinyesha mpaka jogoo wa pili. Asubuhi mto mkavu ulikuwa unapita, mwekundu, umebeba matawi na mavi ya ng'ombe, na kijiji kizima kilikuwa shambani. Hapo sasa ndipo kila mbegu ilitoka. Mtama kwenye udongo mweusi. Karanga na njugu mawe kwenye kichanga. Kunde na choroko katikati ya uwele. Na kwenye mashimo yetu, ambayo yalikuwa yamejaa maji na kuyanywa yote, tuliondoa miiba, bibi akapiga magoti na kuchomeka mbegu za maboga kwa ncha iliyochongoka ikitazama chini, nne kila shimo, akifukia kwa vidole viwili.

Wiki ile nchi ilibadilika mbele ya macho. Vidudu vyekundu vya mvua, vyenye manyoya laini ya mahameli, vilitembea mchangani, nasi tukavipandisha mikononi. Jongoo walivuka njia. Vyura walipiga kelele tusiweze kulala. Kumbikumbi walitoka kwenye vichuguu jioni, tukawakusanya kwenye maji, tukawakaanga kwa chumvi, na mafuta yao yalitosha. Na kati ya mabua, bila kupandwa na mtu yeyote, iliota ilende. Bibi aliipita kwa jembe kwa uangalifu, akikata nyasi kulia na kushoto kwake, kwa kuwa ilende iliyoanikwa ndiyo mboga ya kiangazi kizima. Mlenda wa kwanza wa msimu, ulioungwa karanga za fungu la pili, na ugali wa uwele wa kijivu: mezani pangu leo hakuna kinachofika hapo.

Yaliyofuata ni ya kawaida kwa kila aliyelima Ugogo. Jua la Februari lililosokota majani. Kiduha kikinyonya mtama kwenye mizizi. Machi na Aprili tukiwa juu ya dungu na makombeo yetu, tukiamia ndege, kwelea kwelea wakija kwa wingu zima na bamba la Kongwa likilia kutwa. Tulivuna. Haikuwa nyingi, ilitosha. Mjomba alirudi baadaye, amekonda, na kikohozi, na asubuhi yake ya kwanza alikishusha kile kibuyu cha mlangoni, akakitikisa sikioni.

Leo Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, jirani kabisa na pale, na tangu 2019 wizara zimehamia. Treni ya umeme inatoka Dar es Salaam na kupita tangu 2024. Mashamba mengi yamekuwa viwanja vyenye bikoni, na ua wa minyaa umepisha ukuta wa tofali. Wageni husema Dodoma ni vumbi na zabibu tu, ardhi haina kitu. Si kweli. Mvua ya Dodoma haijabadilisha tabia yake: katika mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, inakuja Desemba na kuondoka Aprili, na inampa aliyekuwa tayari.

Wewe uliyepata kiwanja huko, usikimwagie zege lote. Acha kipande, hata cha hatua ishirini kwa ishirini. Oktoba chimba mashimo yako, tia samadi, funika kwa miiba. Novemba nenda soko la Majengo, au afadhali nenda kijijini, Kikombo au Hombolo, ukamtafute bibi mwenye masuke juu ya meko, umsalimie vizuri, ukae chini kwanza, ndipo uombe mbegu. Mwombe akuonyeshe na jinsi anavyoichagua. Wapo bado, lakini ni wazee, na wengi wao hawajaulizwa na mtu kwa miaka mingi.